KADI ZA ZAWADI: HASARA YETU, NA TULIYOJIFUNZA SAPIWI



Habari hii ingalikuwa fupi kama ofisi yetu ingalifanya kazi yake sawasawa. Haikufanya, na kwa hiyo ni ndefu. Inahusu shilingi 600,000 za chama zilizotolewa kwa ajili ya zawadi, na katika hizo shilingi 262,000 hazikumfaa mtu ye yote. Twaona ni haki ya kila mwanachama aliyelipa ada yake kujua fedha hizo zilikwenda wapi. Tena yafaa ajue namna ya kujikinga yeye mwenyewe, maana siku hizi kadi za namna hii zimeenea, na kila siku zinazidi kutufikia, ama kutoka madukani, ama kutoka kwa watoto wetu walioko Maskati, Dubai na London.

MAMBO YALIVYOKUWA

Kama mnavyokumbuka, mkutano mkuu wa mwaka jana ulikata shauri kuwazawadia wanachama 12 waliokausha karafuu zao vizuri kuliko wenzao. Karafuu zisizo na makonyo wala vumbi, zilizoanikwa juu ya majamvi na si juu ya lami ya barabara. Miaka iliyotangulia tulikuwa tukitoa majamvi na magunia. Mara hii sisi wa ofisini tukaona hayo ni mambo ya kizamani. Tukasema kwamba mwanachama ni mtu mzima, na ajichagulie mwenyewe akitakacho. Basi tukavuka kwenda Unguja, tukaingia katika duka moja kubwa la mjini, tukanunua kadi za zawadi 12, kila moja ya shilingi 50,000. Kadi zilikuwa nzuri kuzitazama, zimetiwa ndani ya bahasha zenye utepe, nasi tukarejea Pemba tumefurahi.

Kwa wale wasiopata kuiona, kadi ya zawadi ni kipande cha plastiki au cha karatasi ngumu, ukubwa wake kama kitambulisho. Mnunuzi hulipa fedha leo, na duka huandika katika mashine yake kwamba kadi yenye namba fulani ina kiasi fulani. Aliye na kadi huenda akachukua vitu vya thamani hiyo siku aipendayo. Jina la mtu halimo. Kilichomo ni namba tu. Hapo ndipo penye faida yake, kwani waweza kumpa umpendaye. Na hapo hapo ndipo penye hatari yake, kwani aliyeiokota naye ana haki sawa na aliyepewa.

Siku ya kugawa zawadi washindi 8 walihudhuria na kupewa kadi zao mbele ya mkutano. Wanne hawakuweza kuja. Mmoja alikuwa mgonjwa, na watatu walikuwa na wachumaji shambani. Kadi zao 4 tulizitia katika bahasha moja, na bahasha tukaiweka katika mtoto wa meza ya ofisi. Namba zake hazikuandikwa po pote. Masika yalipoanza paa la ofisi likavuja, vitu vikahamishwa usiku kwa haraka, na tangu usiku ule bahasha haijaonekana. Hatumshutumu mtu. Ofisi ina funguo 3, na walioingia kutusaidia usiku ule walikuwa wengi, nasi twawashukuru wote. Kosa ni letu sisi tuliokabidhiwa mali tukaiweka kama gazeti la zamani.

Tulirudi dukani na risiti yetu mkononi. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza alitupokea kwa adabu, akauliza, "Namba za kadi mnazo?" Tukamwonyesha risiti. Risiti ilikuwa na tarehe, na idadi ya kadi, na jumla ya fedha; namba za kadi hazikuwamo. Akasema, "Mabwana zangu, kwetu sisi kadi ni sawasawa na noti. Mtu akiangusha noti yake sokoni, haendi Benki Kuu kudai nyingine." Hatukuwa na la kumjibu.

Halafu ikaja habari ya pili. Bibi mmoja katika washindi wetu, ambaye karafuu zake hazijapata kurudishwa kituoni tangu tumjue, aliiweka kadi yake sandukuni akingojea Sikukuu ili awanunulie wajukuu nguo. Alipovuka bahari na mjukuu wake, mashine ya duka ikasema kadi imekwisha muda. Kumbe nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo ambazo hata sisi wenye macho mazima hatukuzisoma, pameandikwa kwamba mwisho wake ni miezi 6. Bibi huyo alikuja ofisini, akaketi, akatwambia maneno haya: "Mwanangu Katibu, mwaka juzi jirani yangu mlimpa jamvi. Jamvi lake analo mpaka leo, na karafuu anaanikia. Mimi mmenipa kitu cha kupendeza, nami sina hata uzi wa kuonyesha."

Na mwanachama wa tatu alichukua vitu vya shilingi 38,000, zikabaki 12,000. Duka hilo halitoi chenji ya fedha kwa kadi. Kupanda boti kwenda Unguja kwa ajili ya shilingi 12,000 ni kutupa fedha nyingine nyuma ya zile zilizopotea, na kwa hiyo ameziacha.

Hesabu yenyewe basi ni hii:

Kadi 4 zilizopotea: shilingi 200,000.
Kadi 1 iliyokwisha muda: shilingi 50,000.
Salio lisilotumika: shilingi 12,000.
Jumla ya hasara: shilingi 262,000.

Kilichowafikia wanachama ni shilingi 338,000, na katika hizo wenyewe walilipa nauli ya boti. Mwanachama na apige hesabu kwa mkono wake, hizo ni karafuu kavu kilo ngapi, na ni pishi ngapi za mbichi zilizoteremshwa kutoka juu ya mti.

SAFARI YA SAPIWI

Mwezi wa Julai, jambo hili likiwa bado moyoni, tulipata safari ya Bara kuwatembelea wakulima wa pamba. Kutoka Mwanza mtu hufuata njia ya Musoma mpaka Lamadi, kisha hukata kulia kwenda Bariadi. Sapiwi ni kata katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, ambao uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya mkoa wa zamani wa Shinyanga. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba katika Tanzania. Pamba kwao ni kama karafuu kwetu: zao moja, linalochumwa kwa vidole, linalopimwa katika mzani, na nyumba nzima hungojea mzani huo useme nini ndipo ijue kama watoto watakwenda shule.

Wenyeji wetu walitupokea kwa "mwangaluka", wakatuletea chai na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Baada ya kuzungumza habari za bei na mvua, tulisimulia msiba wetu wa kadi, tukitazamia kuchekwa. Hawakucheka. Mzee mmoja akasema, "Wanangu, ninyi mmepoteza kadi 4. Mimi nilipoteza kitabu."

Akatueleza. Katika miaka ya 2000 wakulima wa pamba walikuwa na vitabu vidogo. Kila mkulima auzapo pamba kilo zake ziliandikwa kitabuni, na kwa kilo hizo alipata haki ya pembejeo za msimu uliofuata, yaani mbegu na dawa ya wadudu. Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa amekwisha kulipa kabla, na kitabu kilikuwa ndiyo fedha yake. Mzee wetu alikichomeka kitabu chake katika ukuta wa nyumba, chini ya paa, mahali ambapo mtoto hafiki. Mtoto hakufika, lakini mchwa walifika. Siku alipokwenda kudai dawa alikuwa na jalada na vumbi. Wakamwuliza, "Ulikuwa na kilo ngapi?" Akazitaja kwa kichwa. Wao wakataka karatasi. Msimu ule alipiga dawa ya kuazima kwa jirani, mara moja badala ya mara zilizotakiwa, na wadudu wakala sehemu kubwa ya pamba yake.

"Tangu siku ile," alisema, "karatasi yangu yo yote inakaa katika kopo la bati lenye kifuniko, na namba zake zimeandikwa katika daftari la mwanangu aliyeko Bariadi mjini. Nyumba hii ikiungua, ile ipo."

Tuliliona kopo hilo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mna kila kitu, kuanzia kadi ya kliniki ya mjukuu mpaka risiti ya baiskeli.

Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza naye akatoa lake. Yeye hakupoteza karatasi hata moja. Lakini msimu wa mwaka 2019 bei ya pamba ilipangwa isipungue shilingi 1,200 kwa kilo, na halafu bei ya dunia ikashuka, na wanunuzi wakakosa fedha za kutosha. Pamba ilikuwa imekwisha pimwa na kuchukuliwa, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingojea malipo yao. "Risiti yangu ilikuwa nzima," alisema mama huyo. "Aliyevunjika ni mwenye kulipa. Niliitazama kila asubuhi, na ada ya shule haikubali kulipwa kwa risiti."

Maneno ya watu hawa wawili tuliyarudia njiani kote tulipokuwa tukirejea. Mzee alipoteza karatasi ilhali mlipaji yupo. Mama alikuwa na karatasi ilhali mlipaji hana kitu. Hizo ndizo hatari mbili kubwa za kila kitu kinacholipiwa kabla, iwe kitabu cha pamba, iwe vocha, iwe kadi yenye utepe.

VOCHA ZA PEMBEJEO NA VOCHA ZA SIMU

Wengi wetu twakumbuka habari za vocha za pembejeo huko Bara. Mpango huo ulianza mwaka 2008 na ukaenda mpaka mwaka 2014, na kaya zaidi ya milioni 2 zilifikiwa. Mkulima wa mahindi au mpunga alipewa vocha 3: moja ya mbegu, moja ya mbolea ya kupandia, na moja ya mbolea ya kukuzia. Vocha ilibeba kama nusu ya bei, na nusu ya pili aliilipa mkulima mwenyewe kwa wakala wa pembejeo. Kila kijiji kilichagua kamati ya vocha, wanaume 3 na wanawake 3.

Mpango ulikuwa na nia njema, na wengi walivuna zaidi kwa sababu yake. Lakini palikuwa na mlango ulioachwa wazi. Mtu asiyekuwa na ile nusu ya fedha, vocha yake haikumfaa kitu, na kwa hiyo wako waliomwuzia wakala kwa fedha kidogo sana. Mbolea haikwenda shambani, na vocha ilikwenda benki ikalipwa kamili. Pengine zilisikika habari za sahihi zilizoghushiwa. Funzo letu hapa ni kwamba zawadi inayomtaka mpokeaji aongeze fedha, au asafiri mbali, humfikia aliye na uwezo na humpita asiye nao. Bibi yetu wa kadi ya Sikukuu hakuwa mzembe. Sisi tulimpa zawadi iliyokuwa ng'ambo ya bahari.

Vocha za simu nazo zina somo. Pale Sapiwi kijana mwenye kibanda alituonyesha kadi za kukwangua alizobakiza, ingawa siku hizi watu wengi hununua muda wa maongezi moja kwa moja kwa simu. Alisema wateja huzikwangua kwa ncha ya kisu mpaka namba zinafutika. Lakini kadi hiyo ina namba nyingine ya mfululizo iliyochapwa mahali pasipokwanguliwa, na kampuni ikipewa namba hiyo yaweza kuitafuta kadi katika mashine zake. Anayeitupa kadi kabla salio halijaingia ametupa ushahidi wake. Kijana huyu hana elimu kubwa, lakini kila kadi inayoingia kibandani huiandika namba ya mfululizo katika daftari. Tulipoliona daftari lile tuliona haya, kwani ofisi yetu ina makabati 2 na mashine ya kuchapa, na daftari kama lile haina.

DUKA LIKIFUNGWA

Mtu aweza kusema, "Mimi nitaitunza kadi yangu vizuri, wala haitapotea." Vema, lakini na ajiulize kama duka litaitunza ahadi yake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na duka kubwa la Nakumatt, ambalo matawi yake yalifika Uganda, Rwanda, na hata kwetu Tanzania. Duka hilo lilikuwa likiuza vocha za zawadi, na watu wakizipokea kama fedha. Deni likalizidi, rafu zikawa tupu, na Januari 2018 likawekwa chini ya msimamizi. Mwaka 2020 wadai wake wakakata shauri livunjwe. Sasa, mwenye vocha ya duka lililofilisika husimama wapi? Husimama katika safu ya watu wanaolidai duka bila ya rehani, nyuma ya mabenki na wengine wenye haki ya kutangulia. Na mpaka zamu yake ifike, aghalabu chungu kimekwisha kukombwa.

Wala si kwetu tu. Marekani palikuwa na maduka ya vitabu ya Borders yaliyofilisika mwaka 2011, na kadi za zawadi zilizobaki mikononi mwa watu zilikuwa na thamani ya dola zaidi ya milioni 200. Waliokwenda mahakamani kuzidai hawakufanikiwa. Uingereza, duka la sahani za muziki la HMV lilipotiwa mikononi mwa wasimamizi Januari 2013, kwanza kadi zake zilikataliwa kabisa, na watu walionunuliwa kadi za Krismasi wiki 3 zilizopita wakarudishwa mlangoni. Kelele zilipozidi, baada ya siku chache kadi zikakubaliwa tena. Hawa walibahatika, na bahati si kitu cha kuandikwa katika hesabu za chama.

Marekani hiyo hiyo imekwisha kuweka sheria mwaka 2009 kwamba fedha za kadi ya zawadi zisiishe muda kabla ya miaka 5. Mwenye kununua hapa kwetu asidhani kwamba kila kadi ina kinga kama hiyo. Kinga yake ni kuisoma kadi mbele na nyuma kabla ya kutoa fedha.

WATOTO WALIOKO NG'AMBO, NA WEZI WA SIMU

Jambo hili latuhusu zaidi ya zawadi za chama. Wanachama wengi wana jamaa nje, na jamaa hao pengine hutuma kadi badala ya fedha. Yafaa wajue kwamba kadi nyingi za kampuni za intaneti, kama Google Play au Amazon, hufanya kazi katika nchi ilikonunuliwa au kwa fedha za nchi hiyo. Kadi iliyonunuliwa London yaweza kukataa Wete. Mwambieni kijana, kabla ya kununua, aulize kama kadi itatumika Tanzania. Lililo bora zaidi ni kutuma fedha zenyewe kwa njia inayoacha jina la mtumaji na la mpokeaji.

Kisha wako wezi. Mwizi wa siku hizi havunji mlango, hupiga simu. Hujifanya mtu wa ofisi ya kodi, au mtu wa benki, au hata mtoto wako aliyepata ajali, akakuhimiza ununue kadi ya zawadi upesi na umsomee namba za nyuma. Ukishazisoma, kadi imebaki mkononi mwako, na fedha zimekwenda. Marekani mwaka 2023 watu waliripoti kwa serikali yao kwamba wameibiwa dola milioni 217 kwa njia ya kadi za zawadi na mfano wake, na hao ni wale tu walioona si aibu kusema. Hapana ofisi ya serikali, wala benki, wala hospitali inayotaka kulipwa kwa kadi ya zawadi. Atakayekutaka ulipe hivyo ni mwizi, na hakuna haja ya kumwuliza jina.

Kwetu wizi huu huvaa nguo nyingine. Ni nani asiyepata kupokea ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Mwenye kuupeleka hakujui. Amewapelekea watu elfu, akitumaini kwamba mmoja kati yao alikuwa kweli karibu kutuma fedha. Usijibu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupelekea ripoti za ujumbe wa utapeli, na kwa kubonyeza *106# mtu aweza kuangalia namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba yako ya siri ya simu na namba za nyuma ya kadi ni kitu kimoja: ni ufunguo, na ufunguo hausomwi kwa sauti.

TUNAYOWASHAURI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni ile inayohusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wengi wetu tumeihifadhi chuoni tukiwa watoto. Na wazee wetu nao walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ujinga hauwezi kuwa udhuru wetu. Haya ndiyo tunayowashauri:

Kwanza, kama waweza kutoa fedha au kitu chenyewe, toa hicho. Noti haiishi muda baada ya miezi 6, na jamvi halihitaji mashine.

Pili, ukinunua kadi, nunua ndani ya duka lenyewe na si kwa mtu wa njiani anayekuuzia ya 50,000 kwa 30,000. Itazame kama kifuniko cha namba ya siri ni kizima.

Tatu, soma mwisho wa muda wake, na uulize mambo matatu: chenji ipo? Ikipotea nitafanyaje? Yatumika katika matawi gani?

Nne, andika namba ya kadi na tarehe katika daftari siku ile ile, na risiti uitunze mahali pengine mbali na kadi. Mwenye simu ya picha aipige picha mbele na nyuma, lakini picha hiyo asimpelekee mtu.

Tano, ukipewa kadi, itumie mapema. Duka lililo hai leo huenda kesho likafungwa.

Sita, ikipotea, nenda dukani siku hiyo hiyo na namba na risiti, uombe izuiwe kabla mwingine hajaitumia.

Saba, risiti zako za kituo cha karafuu uzitunze namna hiyo hiyo. Mchwa hawajui tofauti ya pamba na karafuu.

SHAURI LA KAMATI

Kamati imekutana, na imekata shauri kama ifuatavyo. Hasara ya shilingi 262,000 haitaingizwa katika hesabu ya wanachama. Sisi wa ofisini tutailipa kutokana na posho zetu kwa muda wa miezi 6, na kila mwezi kiasi kilicholipwa kitachapwa katika jarida hili. Washindi 4 wasiopata kadi watapewa fedha taslimu, shilingi 50,000 kila mmoja, kabla ya karafuu za vuli kuanza kuchumwa, na watatia sahihi au dole gumba. Bibi yetu amekwisha kupewa zake. Alizihesabu mara 2 mbele yetu, nasi tuliona ni sawa. Mwenye salio la 12,000 naye atalipwa.

Kadhalika ofisi imenunua daftari la mali. Kila kitu chenye thamani kinachoingia, hata stempu, kitaandikwa namba yake, siku yake, na jina la aliyekipokea. Funguo za ofisi sasa ni 2. Karatasi za chama zimewekwa katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na paa linalovuja, na nakala ya daftari hukaa kwa Mshika Fedha nyumbani kwake. Mzee wa Sapiwi angaliliona sanduku hilo angalicheka, kwani ni kopo lake lile lile, kubwa kidogo.

Kuhusu zawadi za mwaka huu, hatutakata shauri peke yetu tena. Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataulizwa wachague: fedha taslimu, au majamvi na magunia kama zamani. Kila tawi lizungumze mapema na wazee wake na wanawake wake, maana ndio waanikao, wala lisilete jawabu la mwenyekiti peke yake.

Na kama yuko ye yote mwenye kujua iliko ile bahasha ya kadi 4, na ailete. Muda wake umekwisha pita, na hazimfai tena mtu ye yote. Lakini twapenda kuzifunga ndani ya jalada la kwanza la daftari letu jipya, ili kila Katibu atakayekuja baada yetu azione. Hatutamwuliza maswali mengi.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama